Mapumziko ya Pwani kwa Mume na Mke: Kutoka Katesh na Mbulu hadi Pangani



Mvua inyeshayo juu ya Mlima Hanang haifiki baharini. Ile inayoteremka upande wa kaskazini huishia Ziwa Balangida, ikakaushwa na jua na kuacha chumvi. Maji ya nyanda za juu za Mbulu hugawanyika: mengine hushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Ziwa Manyara, mengine hupita Yaeda kuelekea Ziwa Eyasi, na maziwa hayo yote hayana mto wa kuyatoa nje. Ndiyo maana wataalamu wa maji huliita eneo hili Bonde la Kati. Maji yake hayaendi pwani, na watu wake nao, kwa sehemu kubwa, hawaendi.

Mkazi wa Katesh, Dongobesh au Haydom anayeijua Arusha na Singida kwa sababu ya biashara na minada anaweza kufikisha miaka hamsini bila kuitia machoni bahari. Kwa mume na mke hali ni nzito zaidi. Mume huenda mnadani peke yake. Mke huenda msibani kwao peke yake. Safari ndefu ambayo watu wawili wa nyumba moja huifanya bega kwa bega aghalabu ni ya hospitali, mmoja akiwa mgonjwa na mwenzake msindikizaji. Wengi wameiona Moshi kwa namna hiyo tu, kupitia dirisha la wodi. Mazungumzo haya yanahusu safari ya namna nyingine: mume na mke wenye kipato cha kawaida, wenye miguu ya kutembea na macho ya kuchungulia, wanaotaka kuitumia sehemu ndogo ya fedha za mavuno kuiona bahari wakiwa wazima.

Kinachowazuia wengi ni hesabu ambayo haijapigwa. Husikika ikisemwa kwamba pwani ni ya watalii na matajiri, na kwamba fedha ya huko ingenunua mabati. Basi na ipigwe. Kutoka Katesh kupitia Babati, Arusha, Moshi na Segera hadi Tanga ni kilomita zipatazo 680. Katika nauli zilizotangazwa na LATRA mwezi Desemba 2023, basi la daraja la kawaida la masafa marefu lilipangiwa shilingi 48.47 kwa kilomita moja ya lami. Kwa kiwango hicho mtu mmoja hulipa takribani shilingi 33,000 kwenda, na watu wawili, kwenda na kurudi, takribani 132,000. Viwango hubadilika, kwa hiyo bango la nauli la kituoni ndilo la kuaminiwa siku ya safari, tena tiketi ikatwe ofisini na si kwa mpiga debe. Anayetoka Mbulu atashuka hadi barabara kuu kupitia Mbuyu wa Mjerumani, au atazunguka Karatu, na kipande cha vumbi hukokotolewa nauli yake mbali.

Kiasi hicho si kidogo kwa mkulima. Hata hivyo ni bei ya mbuzi wachache, si ya shamba. Kinachoongeza gharama ni mahali pa kulala na kula, na hapo mume na mke wana nafuu ambayo msafiri mmoja hana: katika gesti nyingi chumba hulipiwa kama chumba, wala si kwa vichwa vya watakaolala humo. Hoteli iliyojengwa juu ya mchanga, yenye vitanda vya kuotea jua, humtoza mgeni kwa ajili ya mandhari. Gesti ya mjini, dakika chache kwa miguu kutoka majini, haitozi mandhari, na bahari huwa ni ileile. Waangalie kwanza chandarua, mlango na maji ya bafuni, ndipo wakubaliane bei na kuandika majina kitabuni. Vitambulisho vya taifa wasivisahau nyumbani.

Safari yenyewe huchukua siku nzima. Waondoke alfajiri, na wakiona jioni inawakuta njiani ni afadhali walale Korogwe kuliko kuingia mji wasioujua usiku. Chini ya milima ya Usambara dirisha la basi hujaa mashamba ya mkonge, kisha Muheza huleta machungwa. Hapo joto huanza kuwa la aina nyingine, la unyevu, ambalo mtu wa Mbulu atalihisi shingoni kabla ya kuuliza limetoka wapi.

Tanga inatosha siku moja ya kutembea. Ni mji tambarare, wa baiskeli nyingi, na kilomita zipatazo nane kaskazini yake yapo mapango ya Amboni, yaliyochimbwa na maji ndani ya chokaa kwa muda usiohesabika. Huingiwa na mwongozaji mwenye tochi. Lakini moyo wa safari hii ni Pangani, kilomita hamsini hivi kusini, na njiani kuelekea huko ndiko kwenye Tongoni. Tongo, kwa Kiswahili cha zamani, ni mahame, mahali palipokaliwa na watu wakahama. Upo hapo msikiti uliobaki kuta na makaburi yapatayo arobaini ya mawe ya matumbawe, kazi ya Waswahili waliokuwa wakifanya biashara na ng'ambo kabla Vasco da Gama wa Ureno hajapita mwambao huu miaka ya 1498 na 1499. Mtu aliyezoea makaburi ya wazee wa Kibarbaig, yanayojengwa kwa udongo na kuheshimiwa kwa miaka mingi, hatakuwa na haja ya kuelezwa kwa nini watu wa Tongoni walijitaabisha hivyo kwa ajili ya wafu wao.

Pangani ni mji mdogo uliolala mdomoni mwa mto. Kuta nene za nyumba za kale zimemomonyoka, milango ya kuchongwa imebaki mmoja hapa na mwingine pale, na mitaa yake inaweza kutembelewa yote kabla ya chakula cha mchana. Ilikuwa bandari ya pembe za ndovu na ya watumwa. Hapa mwaka 1888 Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza watu wa pwani kuukataa utawala wa Wajerumani, na hapahapa wakamnyonga tarehe 15 Desemba 1889. Utawala huohuo ulipanda baadaye hadi Mbulu, na ule mbuyu wa barabarani bado umeubeba jina.

Mto wenyewe unastahili kutazamwa kwa utulivu. Maji ya Mto Pangani yanatoka Kilimanjaro na Meru, yakapumzika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ndipo yakateremka hadi hapa. Basi wageni hawa wamekuja njia moja na maji hayo, tofauti na mvua ya kwao. Ukingoni wataona mashua zikiingia na samaki, na ng'ambo ni kijiji cha Bweni, ambako wenyeji wamevuka kwa kivuko miaka mingi. Mtoni humo wasioge: kuna mamba, na mkondo wa mdomoni, maji yakitoka, humchukua hata mwogeleaji hodari.

Hapa pana jambo la kusemwa kwa uangalifu. Kwa mkazi wa Katesh au Gendabi, maji mengi si kitu cha kutazamwa kwa moyo mwepesi tangu tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuchukua watu na nyumba. Yupo atakayesimama mbele ya bahari na miguu ikakataa. Asichekwe, wala asivutwe mkono. Mwenzake na akae naye juu ya mchanga mkavu, hata kama ni asubuhi nzima, mpaka wote wawili waone kwamba maji haya, tofauti na yale, yana ratiba.

Ratiba hiyo ndiyo elimu kubwa ya pwani, na mfugaji au mkulima anayefuata mwezi ataishika upesi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku moja na dakika hamsini hivi. Mwezi unapoandama na unapopevuka huja bamvua: maji hujaa sana, kisha hurudi mbali sana, na bahari huacha uwanja wa kutembea. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hayapandi sana wala hayarudi sana. Katika mwambao huu, siku za bamvua, maji hupwa kabisa kuanzia saa nne asubuhi hivi. Hapo huonekana wanawake na watoto wakitafuta pweza na chaza katika madimbwi ya mwambani, na mgeni anaweza kuwafuata, akiwa na viatu vya plastiki miguuni, kwa kuwa wapo wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia nyayoni.

Bamvua ndiyo pia hukionyesha Kisiwa cha Maziwe vizuri zaidi. Zamani kisiwa hiki kilikuwa na miti ya mivinje. Bahari ikakila, na leo ni fungu la mchanga mweupe ambalo hufunikwa maji yakijaa na kuibuka yakipwa. Kukizunguka kuna matumbawe na samaki wa rangi ambazo hazina majina bara. Ni hifadhi ya bahari, yenye ada, na ada ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje. Ghali ni mashua. Kwa kuwa hukodiwa nzima, watu wawili wakiikodi peke yao watalia; wakisubiri gestini au kwenye ofisi ya waongoza wageni hadi wapatikane wengine wanne au watano, mzigo hugawanyika. Waende asubuhi mapema na warudi kabla upepo wa alasiri haujaamka. Mashua isiyo na majaketi ya kuokolea wasiipande, hata nahodha akiapa kwamba amevua miaka thelathini.

Anayetaka mchanga mtupu na minazi, bila la ziada, atavuka mto na kwenda Ushongo, kilomita kama kumi na tano kusini. Zilizopo huko nyingi ni hoteli, kwa hiyo ni afadhali kwenda asubuhi na kurudi jioni kulala mjini. Chakula kisinunuliwe palipo na mwavuli na kitambaa cha meza. Jioni Pangani watakula wali wa nazi na samaki, mihogo, vitumbua, na kahawa chungu ya kikombe kidogo barazani, na watalipa kama mwenyeji alipavyo iwapo wataanza kwa salamu na kuuliza bei kabla ya kukaa. Kanga ya kujifunga juu ya nguo ya kuogea inatosha kuwa heshima kwa mji wa Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani, migahawa mingi hufungwa mchana.

La afya lisipuuzwe. Mtu aliyekulia nyanda za juu za Mbulu hana kinga ya malaria aliyonayo mtu wa Pangani, na homa inayomlaza mwenyeji siku mbili inaweza kumfikisha mgeni pabaya. Walale ndani ya chandarua kila usiku. Homa ikija hata wiki tatu baada ya kurudi, wapime siku hiyohiyo, na wamwambie mhudumu wa zahanati kwamba walikuwa pwani, kwani asipoambiwa anaweza kufikiria mafua ya baridi ya Mbulu.

Kwa nyumba ambayo mwaka huu haiwezi, lipo Basotu. Ni ziwa la maji baridi ndani ya Hanang, lenye wavuvi na viboko, na upepo wa mashamba ya ngano. Si bahari, na hakuna sababu ya kudai kwamba ni bahari, lakini siku mbili ufukweni pake hufundisha mume na mke kukaa pamoja bila jembe wala mgonjwa katikati yao. Walioona Pangani wataliangalia Basotu kwa jicho la pili. Watauliza mgeni kutoka Tanga akishuka hapo nani atamwonyesha pa kulala, nani atamwambia viboko hutokea upande gani, na fedha atakayoiacha itaingia kijiji kipi. Pangani maswali kama hayo yalijibiwa na watu wa kawaida wenye mashua moja na vyumba vitatu.

Kuhusu wakati, Machi hadi Mei ni masika ya pwani, na si ya kwenda. Juni na Julai kusi huvuma kwa nguvu, na nyumbani mahindi bado yapo shambani au kihengeni yakipukuchuliwa. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba mvua ni chache, upepo hupungua, na ghala limeshafungwa. Mume na mke watazame mwezi. Siku tatu kabla haujapevuka ndiyo siku ya kupanda basi la alfajiri, ili bamvua iwakute Pangani.