Hoki saa nane ya usiku: faida ni ya nani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Mulongwe, Uvira



Ni nani hapa amekwisha kuona hoki ya barafu na macho yake? Hakuna. Barafu sisi tunaiona Kalundu, ndani ya sanduku ya samaki. Lakini kuko vijana hapa wanakesha, telefone mukononi, wanangojea timu za Kanada na Marekani. Mechi ikianza saa moja ya jioni kule New York, wakati wa baridi yao, hapa ni saa nane ya usiku. Mupira wa Ulaya umekwisha, basi pari inawapa hoki ili musilale.

Nilikuwa mumoja wao, sitawatukana. Mama yangu alikwisha kunitukana vya kutosha.

Wanasema kubeti kwa telefone kuko na faida. Ni kweli. Hupangi foleni, unaanza na franga kidogo, ukishinda feza inaingia kwa M-Pesa ao Airtel Money. Na kijana mwenye diplome chini ya godoro anaona hatimaye mulango ambao haumuulizi: wewe ni mutoto wa nani?

Lakini tupige hesabu. Timu mbili ziko sawa kwa nguvu. Haki ingekuwa upewe mara 2. Wao wanakupa 1,90. Wewe unaweka franga 1.000 huku, mwenzako 1.000 kule. Mushindi anapewa 1.900. Ile 100 inabaki kwa kampuni, hata nani afunge.

Na sisi hatuchezi mechi moja. Tunajaza kumi kwa tiketi moja. Zidisha 1,90 mara kumi: franga 1.000 inatoa karibu 613.000. Tamu! Lakini nafasi ya kupatia zote kumi ni moja kati ya 1.024. Kwa haki ungepewa 1.024.000. Yaani kwa kila franga 100 wanakula karibu 40. Tiketi ikiwa ndefu, wanakula zaidi, ndiyo maana wanazisifu zile ndefu na kuongeza bonus juu. Na hiyo bonus, musome masharti: mara nyingi lazima uichezeshe tena na tena mbele ya kuitoa.

Mimi mama alinipa feza ya kununua ndagala. Nikaicheza. Tisa zikapita, ya kumi ikaanguka dakika za mwisho. Nikasema, "nilikosa kidogo tu," nikakopa nirudie. Hilo neno "kidogo tu" ndilo liliniua, kuliko ile tiketi yenyewe. Mama alikaa wiki mbili bila kwenda sokoni, na kwetu sokoni ndiko chakula kinatoka.

Hatuombi mutu afungwe. Tunaomba meya abandike kwenye mulango wa meri majina ya nyumba za pari zenye ruhusa, na kodi ambayo kila moja inalipa hapa Uvira. Na mutoto mwenye uniforme ya shule asipokelewe. Barua iko tayari, inangojea sinyatire zenu.

Siku ya posho tukutane tena hapa. Kila mutu aje na historia ya telefone yake, miezi tatu: iliyoingia, iliyotoka. Nitaanza na yangu.