Aendaye Kusomea Ualimu Ng'ambo: Funzo la Mbiyu Koinange

Hotuba kwa walimu wanafunzi na wazazi wa Kaunti ya Kiambu



Kila mwaka vijana wa Kenya huomba nafasi za kusomea ualimu ng'ambo. Wengine huenda kwa shahada nzima, wengine kwa muhula mmoja wa mazoezi ya kufundisha. Jamaa huchanga, harambee huandaliwa, na pengine kipande cha shamba huuzwa. Ndiyo sababu kuna swali linalompasa mwalimu mwanafunzi hata kabla ya viza na tiketi ya ndege: akirudi, watu waliomchangia watapata nini? Kaunti ya Kiambu ina mtu wake aliyelijibu swali hilo kwa vitendo, naye ni Peter Mbiyu Koinange.

Mbiyu alikuwa mwana wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu, wa Kiambaa. Shule ya Alliance ilipofunguliwa Kikuyu mwaka wa 1926, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Mwaka uliofuata, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, aliondoka kwenda Marekani. Siku hizo mtu alipanda gari la moshi hadi Mombasa, kisha akaingia melini kwa majuma kadhaa. Hapakuwa na simu ya kumjulia mama hali. Barua nayo ilisafiri kwa meli kama mtu. Mbiyu hakurudi kuishi nyumbani hadi mwaka wa 1938. Miaka 11 ni umri wa mtoto anayekaribia kumaliza shule ya msingi.

Alianzia Hampton, katika jimbo la Virginia, na chuo hicho kilihusiana na Kenya kwa karibu sana. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume ilipendekeza elimu ya Mwafrika ifuate mfano wa vyuo vya Hampton na Tuskegee, yaani kilimo, useremala, ufundi wa mikono na usafi wa nyumba. Mwaka wa 1925 serikali ya kikoloni ilifungua Jeanes School huko Kabete ili kuwafunza walimu kwa mtindo huo. Hata jina lenyewe lilitoka Marekani. Anna Jeanes alikuwa mama tajiri aliyetoa mali yake kusaidia shule za watu weusi vijijini, na mwalimu wa kwanza kulipwa kutokana na fedha hizo, Virginia Randolph, alianza kazi hiyo Virginia mwaka wa 1908. Mahali palipokuwa na Jeanes School leo pana Kenya School of Government. Basi kijana wa Kiambu aliyefika Hampton alikuwa amefika kwenye chemchemi ya elimu ambayo watu wake walikuwa wakipimiwa.

Kwa mtu anayejifunza ualimu, Hampton palikuwa na mengi ya kuona. Mji huo uko karibu na mahali ambapo Waafrika wa kwanza walishushwa katika koloni la Waingereza la Virginia mwaka wa 1619. Katika uwanja wa chuo pana mti mkubwa wa mwaloni. Chini ya mti huo, mwaka wa 1861, mwanamke mweusi aliyeitwa Mary Peake aliwafundisha kusoma watu waliokuwa wametoroka utumwani, katika jimbo ambalo sheria yake ilikuwa imekataza watumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Mwaka wa 1863 watu walikusanyika hapo hapo kusomewa tangazo la Rais Abraham Lincoln la kuwaacha huru watumwa. Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka wa 1868. Booker T. Washington alisomea hapo kabla ya kuanzisha Tuskegee mwaka wa 1881. Hivyo mgeni aliona kwa macho yake kwamba shule inaweza kuanza bila jengo, maadamu yupo mwalimu na wapo watu wanaotaka kujua.

Lakini palikuwa na upande wa pili. Mwaka wa 1926, mwaka mmoja tu kabla ya Mbiyu kufika, bunge la Virginia lilipitisha sheria ya kuwatenga watu weusi na weupe katika kumbi zote za hadhara. Sheria hiyo ilichochewa na ukumbi wa Hampton wenyewe, kwa kuwa humo watu wa rangi zote walikuwa wakiketi pamoja. Kisha Oktoba 1927 wanafunzi wa Hampton waligoma. Cheche ilikuwa amri ya kuwasha taa ukumbini wakati wa filamu, kana kwamba wanafunzi hawakuweza kuaminiwa gizani. Kuni zilikuwa zimekauka zamani. Wanafunzi walilalamikia kanuni kali kupita kiasi, na wakadai walimu wenye elimu ya juu zaidi na masomo ya kiwango cha chuo halisi.

Jambo hilo lina uzito kwa Kenya. Elimu iliyosifiwa kuwa ndiyo inayomfaa Mwafrika wa Kabete, wenyewe waliolelewa nayo walikuwa wakisema haitoshi. Hawakudharau jembe wala randa. Walidai kwamba mkono ufunzwe na kichwa kisiachwe nyuma. Mwalimu mwanafunzi ambaye angebaki nyumbani na kusoma ripoti ya tume peke yake asingelijua hilo.

Wagikuyu husema mtoto asiyetembea hudhani ni mama yake tu ajuaye kupika. Mbiyu hakukomea Hampton. Alikwenda kaskazini katika chuo kikuu cha Ohio Wesleyan, ambako alipata shahada ya kwanza. Hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929, wakati mamilioni ya Wamarekani, weupe kwa weusi, walikosa kazi. Kutoka hapo alikwenda New York, katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, akasomea shahada ya uzamili. Chuo hicho kilikuwa kitovu cha fikra mpya za malezi. John Dewey, aliyefundisha Columbia hadi alipostaafu mwaka wa 1930, alisisitiza kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda, na kwamba shule ni sehemu ya maisha ya jamii. Mwalimu wa leo anayetumia mtaala wa umilisi atayatambua mawazo hayo mara moja. Hatimaye Mbiyu alivuka bahari kwenda Uingereza, akasoma Cambridge na London.

Alijifunza na nje ya darasa pia. London ya miaka ya 1930 ilikuwa njia panda ya Waafrika na watu wenye asili ya Afrika. Jomo Kenyatta alikuwa huko akisomea elimu ya jamii na mila, na kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilitoka mwaka wa 1938. Ralph Bunche, msomi Mmarekani mweusi ambaye baadaye, mwaka wa 1950, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, alijifunza Kiswahili London kwa Kenyatta, akafunga urafiki na Mbiyu. Bunche alipozuru Kenya mwaka wa 1938, Chifu Mkuu Koinange alimkaribisha Kiambu na watu wakampa jina la Karioki. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Urafiki uliofungwa ng'ambo ulifika mpaka uani kwa mzee.

Mbiyu aliporudi alikuwa na elimu ambayo Wazungu wengi nchini hawakuwa nayo. Serikali ilikuwa tayari kumwajiri kuwa mwalimu, ila kwa mshahara wa chini kuliko ule wa Mzungu mwenye elimu kama yake. Alikataa. Angeweza kurudi Marekani na vyeti vyake, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini kulikuwa na haja kubwa nyumbani. Tangu mgogoro wa mwaka wa 1929 kati ya misheni na wananchi, watu walikuwa wamejijengea shule huru nyingi. Shule zilikuwapo, watoto walikuwapo, ila walimu waliofunzwa walikuwa haba. Januari 1939 chuo cha ualimu cha Waafrika kilifunguliwa Githunguri, Mbiyu akiwa kiongozi wake.

Chuo hicho hakikujengwa kwa fedha za serikali. Watu walichanga kwa marika, rika likishindana na rika, wengine wakileta pesa na wengine mifugo. Akina mama walichanga ili wasichana wapate bweni lao. Hapo ndipo jibu la swali la mwanzo lilipoonekana. Watu wa Kiambu walimwona msomi wao akirudi na kuwafunza walimu watakaowafundisha watoto wao. Shahada moja ikawa walimu wengi.

Gharama yake haikuwa ndogo. Kenyatta alirudi Kenya mwaka wa 1946 na mwaka uliofuata akawa mkuu wa chuo cha Githunguri. Mwaka wa 1951 chama cha KAU kilimtuma Mbiyu London pamoja na Achieng' Oneko kupeleka malalamiko kuhusu ardhi. Alikuwa bado ng'ambo hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, na hakuweza kurudi kwa miaka mingi. Baba yake, mzee sana, aliwekwa kizuizini hadi alipokaribia kufa. Serikali ilivifunga vyuo na shule huru, na Githunguri, mahali walipofunzwa walimu, pakageuzwa pa kunyongea watu. Mtawala hawezi kuigeuza shule kuwa kitanzi kama haoni kwamba shule hiyo ina nguvu. Uhuru ulipopatikana, Mbiyu aliingia serikalini, na katikati ya miaka ya 1960 alikuwa Waziri wa Elimu wa nchi iliyofundishwa kwa sehemu na walimu wa zile shule zilizofungwa.

Mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kusafiri leo ana mambo matatu ya kuchukua hapa. La kwanza, atazame chuo kizima pamoja na mtaa unaokizunguka. Ripoti huonyesha jikoni palipofagiliwa. Anayeishi hapo huona na moshi. La pili, asiipokee elimu ya wenyeji kama dawa iliyokwisha pimwa. Aulize ni nani aliyeitunga, ni kwa ajili ya nani, na watoto wake mwenyewe humsomesha wapi. La tatu, asipoteze mawasiliano na nyumbani. Mbiyu alikuta watu wakimngojea kwa sababu haja yao haikuwa imebadilika, naye hakuwa ameisahau.

Yapo pia ya utaratibu, ambayo yamewakwaza wengi. Sheria ya Tume ya Kuwaajiri Walimu ya mwaka wa 2012 haimruhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa na TSC. Anayetaka kufundisha shule ya upili anatakiwa awe na masomo mawili ya kufundishia. Shahada ya ng'ambo yenye somo moja tu, au isiyo na mazoezi ya kufundisha darasani, inaweza kumletea shida akirudi. Afadhali aulize kabla ya kulipa karo. Ahifadhi nakala za matokeo ya kila mwaka na barua ya shule aliyofanyia mazoezi, kwani elimu ya nje hukaguliwa na kutambuliwa humu nchini kwanza. Na akifika huko ajiandikishe katika ubalozi wa Kenya.

Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti. Huko ndiko mtoto anakoshika kalamu kwa mara ya kwanza, na ndiko kijana anakoshika randa. Kijana atakayerudi na ujuzi wa kuwalea watoto wadogo, au wa kuunganisha kazi ya mkono na hesabu, hatakosa pa kuutumia. Wazee waliochanga mifugo yao kwa ajili ya Githunguri hawakuwa na kaunti wala bajeti. Walikuwa na mwalimu mmoja aliyerudi, na walijua la kufanya naye.