Kasha Nyekundu Haiendi Nairobi
Maneno ya komite kwenye mukutano mukubwa wa wamemba



Mukutano uliopita, ndugu waliorudi kutoka Kenya walituuliza: juu ya nini feza zetu zinalala kwenye kasha, wakati kule Nairobi zinaweza kununua hisa, ao aksioni, na gawio lake likalipa minerval ya watoto? Swali ni la muzuri. Tumelichunguza, na leo tunajibu.

Kwanza, jambo hili haliko mbali na sisi. EquityBCDC na TMB tunazijua wote. Mwenye sehemu kubwa ya ile ya kwanza ni Equity ya Nairobi, na ya pili ni KCB, ya Nairobi vilevile. Wenye hisa za kule wanakula pia faida inayotoka hapa kwetu.

Lakini gawio si mushahara. Kwa mwaka 2023, Equity iligawa shilingi 4 kwa kila hisa. KCB, nayo benki, mwaka ule ule haikugawa kitu. Na Equity yenyewe haikugawa kwa mwaka 2019 wala 2020, wakati wa Covid. Kama tungekuwa tumeweka feza yote kwa benki moja, tungewaambia watoto nini mwezi wa masomo?

Tena bei inashuka. Hisa ya Safaricom ilipita shilingi 40 mwaka 2021. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Gawio lake kwa mwaka ule lilikuwa shilingi 1.20. Hisa 1,000 zinaleta shilingi 1,200, na kodi inakatwa humo. Aliyenunua kwa 40 na akauza kwa 15 juu mutoto amelazwa, gawio halimuokoi.

Njo maana tunaomba hivi:

Kasha nyekundu, ya ugonjwa na kilio, isiguswe. Sisi tunajua kukimbia. Usiku wa kukimbia, hakuna anayengojea dalali auze hisa.

Kasha ya buluu, feza ya wafazili, isiende huko hata kidogo.

Kasha ya kijani itoe sehemu ndogo tu, feza tunayoweza kukaa bila yake miaka 5. Tununue polepole, kampuni zisipungue nne, na benki zisipite mbili. Zingine ziwe za kazi tofauti. Gawio la miaka ya kwanza tusilile, linunue hisa zingine.

Akaunti iandikwe kwa jina la shirika letu, na sahihi tatu. Isiandikwe kwa jina la mutu mumoja, hata kama ni prezida wetu. Na kila gawio litasomwa mbele yenu, kubwa ao dogo, hata kama ni sifuri.

Sasa neno liko kwenu. Mupige kura.