Kamari ya Simu na Wajibu wa Askari



Mwezi wa Januari 2019 Waziri wa Nchi wa Fedha wa Uganda, Bwana David Bahati, alitangaza kwamba Rais Yoweri Museveni ameagiza kampuni mpya za kamari ya michezo zisipewe leseni, na zile zilizokuwapo zisiongezewe muda leseni zao zitakapokwisha. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Kwanza, fedha za wananchi zilikuwa zikitoroshewa nchi za nje. Pili, vijana walikuwa wakivutwa mbali na kazi. Hapana mzalendo anayeweza kuzikanusha sababu hizo. Hata hivyo, miaka imepita na kamari ingalipo. Vibanda vyake vingali wazi mijini, na zaidi ya vibanda, kamari imehamia mahali ambapo kufuli haliwezi kutiwa, yaani ndani ya simu ya mkononi.

Inafaa basi kujiuliza: serikali inapokusudia kuibana kamari, imbane nani, na mahali gani?

Uganda haikukosa sheria. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Taifa ya kusimamia michezo hiyo, ikaamuru kila kampuni iwe na leseni, na ikakataza kabisa mtu aliye chini ya umri wa miaka 25 kucheza. Katika nchi nyingi umri huo ni miaka 18. Uganda iliuweka juu kwa makusudi, ili kumlinda kijana mpaka apate akili ya utu uzima. Lakini sheria hiyo ilitungwa na watu waliokuwa wakiona mbele yao kibanda chenye mlango, na mlangoni mtu anayeweza kuuliza umri. Simu haina mlango wa namna hiyo. Ingawa kila namba ya simu huandikishwa kwa kitambulisho cha taifa, kijana wa miaka 17 anaweza kuitumia namba ya kaka yake, na mashine iliyo ng'ambo ya pili haitamwona uso.

Jirani zetu wa Kenya wamepita njia hiyo hiyo, na yaliyowapata ni somo. Mwezi wa Julai 2019 serikali ya Kenya ilikataa kuzipa kampuni 27 leseni mpya, ikaitaka kampuni ya simu ya Safaricom izifunge namba ambazo wachezaji walikuwa wakizitumia kulipia madau yao. Mwaka huo huo wakurugenzi 17 wa kigeni wa kampuni za kamari waliamriwa kufukuzwa nchini. Kufikia mwisho wa Septemba mwaka huo kampuni mbili kubwa, SportPesa na Betin, zilitangaza kufunga shughuli zake. Mamia ya wafanyakazi walipoteza kazi, na vilabu mashuhuri vya mpira, Gor Mahia na AFC Leopards, vikakosa ufadhili. Lakini je, kamari ilikufa? La, haikufa. Mwaka uliofuata SportPesa ilirudi, na kampuni nyingine zilikwisha kuishika nafasi yake.

Kodi nayo ilipanda na kushuka kama maji ya pwani. Mwaka 2019 Kenya iliweka ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. Mwaka 2020 ushuru huo ukaondolewa. Mwaka 2021 ukarudishwa kwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ukawa asilimia 12.5, na mwisho wa mwaka 2024 ukafikia asilimia 15, kabla ya kubadilishwa tena mwaka 2025. Mwezi wa Aprili 2025 matangazo yote ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na mwezi wa Agosti mwaka huo Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya ya kamari iliyochukua mahali pa sheria ya mwaka 1966.

Funzo lililomo ni hili. Kampuni yenye leseni ina ofisi, ina anwani, na inaweza kushtakiwa. Mchezaji aliyenyimwa ushindi wake anaweza kwenda kulalamika. Serikali inapoibana kampuni hiyo peke yake, na kuziacha tovuti za kigeni zisizo na leseni ziendelee kupokea fedha, mchezaji haachi kucheza, bali huhama. Huko anakohamia hakuna bodi ya kumsikiliza, hakuna kodi inayojenga barabara au zahanati, na siku mwenye tovuti akiamua kutolipa, hakuna wa kumkamata. Kwa hiyo kizuizi kilichowekwa kwa nia njema kinaweza kumwacha yule yule kilichokusudiwa kumlinda akiwa hoi zaidi ya kwanza.

Yafaa pia ieleweke jinsi mchezo wenyewe unavyoundwa, kwa maana wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Tuchukue mfano wa sarafu inayorushwa juu. Mchezaji wa kwanza anaweka shilingi 10,000 upande mmoja, na wa pili anaweka shilingi 10,000 upande wa pili. Kampuni imeahidi kumlipa atakayeshinda mara 1.90 ya dau lake. Sarafu ikianguka upande wowote, kampuni imepokea shilingi 20,000 na italipa shilingi 19,000. Shilingi 1,000 imebaki mfukoni mwake, bila jasho na bila kubahatisha. Wanaobahatisha ni wachezaji peke yao.

Sasa mchezaji huyo aunganishe mechi tano katika karatasi moja, ile ambayo vijana huiita mkeka. Kampuni hukata sehemu yake katika kila mechi. Kwa kiwango kile kile cha mfano wa sarafu, katika kila shilingi 10,000 zinazowekwa kwa mechi tano, wachezaji hurudishiwa kwa wastani shilingi 7,738 tu. Wakiunganisha mechi kumi, hurudishiwa shilingi 5,987. Kadiri ahadi ya ushindi inavyokuwa kubwa, ndivyo sehemu ya kampuni inavyonenepa. Ndiyo sababu kampuni husifu mikeka mirefu, na kuitangaza picha ya mshindi mmoja, bila kuitangaza ya maelfu ambao mikeka yao imechanika.

Michezo mipya ya simu imekuwa ya hatari zaidi kwa sababu ya kasi yake. Zamani mchezaji alingoja Jumamosi ifike na mpira uchezwe dakika 90. Leo upo mchezo uitwao Aviator, ambamo ndege ya picha hupaa na malipo hupanda pamoja nayo, mpaka inapotoweka ghafla na fedha za asiyewahi kuzitoa zikatoweka pia. Mchezo huo huamuliwa kwa sekunde chache. Watengenezaji wake husema kwamba katika kila shilingi 100 zinazowekwa, wachezaji hurudishiwa kwa wastani shilingi 97. Mtu akisikia hivyo atadhani hasara ni ndogo. Lakini mwenye kuweka shilingi 1,000 mara mbili kwa dakika huwa ameweka shilingi 120,000 kwa saa moja, na kwa wastani amepoteza shilingi 3,600. Akicheza saa mbili kila usiku kwa siku 30, hasara ni shilingi 216,000. Na hesabu hiyo ni ya mtu mtulivu asiyeongeza dau kwa hasira ya kutaka kurudisha kilichokwenda. Watu wa namna hiyo ni wachache.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili linamhusu askari kuliko raia wa kawaida. Askari ana mshahara unaofika kila mwezi, ana simu, na ana saa nyingi za upweke: zamu ya usiku, kambi iliyo mbali na nyumbani, safari ndefu ya kazi. Vilevile ana njia ya kupata mkopo kwa urahisi. Wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana chama chao cha Exodus. Vyama hivyo viliundwa ili askari ajenge nyumba, asomeshe watoto, na asistaafu mikono mitupu. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kilichotoboka chini hakijazwi na haba yoyote. Mkopo uliochukuliwa kwa jina la mabati, kisha ukaishia katika kamari, hukatwa mshahara miaka mingi baada ya mchezo kusahauliwa, na wanaolipa hasa ni mke na watoto.

Kupita hayo, lipo suala la usalama wa taifa. Kamba hukatikia pembamba. Askari mwenye deni asiloweza kumwambia mkuu wake ni mahali pembamba pa kamba. Mtu wa magendo humtafuta askari wa namna hiyo kwenye kizuizi cha barabara. Mwizi wa silaha humtafuta kwenye ghala. Hana haja ya kumshinda kwa nguvu. Humlipia deni tu, kisha humtuma. Bunduki iliyokabidhiwa kwa mtu asiyeweza kulala kwa sababu ya madeni ni hatari kwake mwenyewe, kwa familia yake na kwa wenzake wa kambini.

Zingatieni pia umri uliowekwa na sheria. Kijana wa miaka 18 anaweza kuandikishwa katika Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda, lakini hawezi kisheria kubeti mpaka afikishe miaka 25. Asione kwamba taifa limemdharau. Taifa limemkabidhi silaha kwa sababu nyuma ya silaha kuna mafunzo, amri na makamanda wa kumwongoza. Nyuma ya kamari hakuna kamanda; kuna mashine iliyoundwa ili asiondoke. Polisi wa miaka 22 anayekwenda kukamata mashine zisizo na leseni sokoni, huku mkeka umo katika simu yake, anaivunja sheria ile ile aliyotumwa kuilinda. Wananchi wanaona, na heshima ya sare hupungua.

Katika kazi hiyo ya kulinda sheria, inafaa polisi wajue adui ni nani. Si mwendesha bodaboda aliyepoteza shilingi 2,000. Ni mwenye mashine anayewaruhusu watoto wa shule waingize sarafu zao. Ni kampuni isiyo na leseni. Na ni wakala anayepokea fedha kwa niaba ya tovuti isiyojulikana iliko. Kumkamata mchezaji na kumwachia mwenye mchezo ni kupunga nzi na kuacha kidonda wazi.

Basi kizuizi cha kweli kiwekwe pale fedha zinapopita. Nchini Uganda fedha zimekuwa zikipita katika simu tangu mwaka 2009, na kila shilingi inayopita huacha alama. Kampuni za simu zikizuiwa kupeleka fedha kwa mtu yeyote asiye na leseni, tovuti ya kigeni itabaki na picha zake tupu. Kiwango cha fedha ambazo mtu anaweza kuweka kwa siku kikiwekewa mpaka, hasira ya saa nane za usiku haitamaliza mshahara mzima. Na mchezaji anayeomba mwenyewe afungiwe namba yake, afungiwe siku hiyo hiyo, wala asibembelezwe kwa zawadi arudi.

Makamanda nao wana sehemu yao. Askari anayejitokeza na kusema kwamba kamari imemshinda asipokewe kwa kejeli. Adhabu peke yake humfundisha kuficha, na anayeficha ndiye anayeangukia mikononi mwa mtu wa magendo. Asikilizwe, deni lake lipangiwe utaratibu, na kwa muda apewe kazi isiyomweka karibu na vishawishi.

Serikali inaweza kutunga sheria nzuri, na majirani wanaweza kufundishana kwa mafanikio na makosa yao. Lakini sheria hulindwa na watu wenye sare, na mwenye sare hawezi kukifunga kwa wengine kile alichokiacha wazi kwake. Kila askari na aanze na simu yake mwenyewe.