Meno ya Kadi na Meno ya Kinywa

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatukuja na chati wala ubao. Tumekuja na kadi moja tu, na tunaomba ipite mkono kwa mkono mpaka kila mtu aishike. Ndiyo, hayo ni meno. Tunaona wengine wameanza kusogeza viti nyuma. Msiogope, hayajawahi kukaa kinywani mwa mtu yeyote. Yako vile yalivyotoka kiwandani. Mkishaitazama, tutawaeleza kwa nini kadi hii inakaa kwenye droo ya ofisi yetu, na kwa nini inatuhusu sisi tunaokopeshana pesa.

Kwanza tujifunze kuisoma.

Hebu tazameni. Meno ni sita, yamesimama kwa mstari juu ya ukanda wa plastiki wenye nta. Kila jino limebanwa kwenye nta kwa upande wa nyuma, ili uso wake uonekane vizuri. Nta hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuyashika meno yasipotee. Ya pili ni kuyaweka katika mpangilio wa kinywa, la kulia likae kulia na la kushoto likae kushoto. Haya sita ni ya mbele: manne ya kukatia na chonge mbili. Kadi ya meno ya nyuma huwa na manane, manne ya kila upande. Kwa hiyo mtu asiye na jino hata moja huhitaji kadi nne, mbili za juu na mbili za chini. Jumla ni meno 28. Yale magego ya mwisho kabisa hayawekwi.

Pembeni kuna maandishi. Mnaona A3? Hiyo ni rangi. Mpango wa rangi unaotumika sana ni ule wa kampuni ya VITA ya Ujerumani, na una rangi 16, kutoka A1 hadi D4. Herufi inaonyesha aina ya rangi: A inaelekea wekundu wa kahawia, B inaelekea manjano, C ni kijivu, na D ni kijivu chenye wekundu kidogo. Namba ikipanda, jino linazidi kuwa na giza. Ile namba nyingine ni ya umbo, kama jino ni pana au jembamba, refu au fupi. Kisha imeandikwa kama meno ni ya juu au ya chini.

Sasa ulizaneni: maandishi haya ameandikiwa nani? Si wewe, wala si sisi. Ameandikiwa fundi wa meno. Kila mama hapa amewahi kununua vifungo sokoni, vile vilivyoshonwa kwenye kipande cha karatasi, vimepangwa vinang'aa. Anayenunua vifungo hajanunua shati. Shati lahitaji kitambaa, kipimo na fundi. Na kadi hii ni hivyo hivyo.

Biashara hii si ya jana. Zamani kule Ulaya meno ya bandia yalichongwa kutoka kwa meno ya kiboko na pembe za ndovu, na mengine yalikuwa meno halisi ya watu waliokufa. Baada ya vita vya Waterloo mwaka wa 1815, meno ya askari waliouawa yaliuzwa, hata watu wakayaita meno ya Waterloo. Yale ya pembe yalioza na kunuka. Mfaransa mmoja muuza dawa, Alexis Duchâteau, alichoshwa na harufu ya meno yake mwenyewe, na mwaka wa 1774 akajaribu kutengeneza ya kauri. Lakini hayo yalikuwa pande moja zima. Mwaka wa 1808, mjini Paris, Mwitaliano aitwaye Fonzi alitoa meno ya kauri ya jino moja moja, kila jino na kipini chake cha madini. Hapo ndipo meno yalipokuwa kama vifungo. Kiwanda kikaweza kuyatengeneza kwa wingi, kuyachagua kwa rangi na ukubwa, kuyapanga na kuyauza kwa mafundi wa mbali. Katika karne ya 19, Claudius Ash wa London na Samuel White wa Philadelphia walijenga biashara kubwa namna hiyo. Siku hizi meno mengi ni ya akriliki, yaani plastiki ngumu, lakini mpango ni ule ule: kiwanda humuuzia fundi, na fundi humtengenezea mtu.

Basi tuje nyumbani.

Mwaka juzi kijana mmoja wa kikundi chetu alileta ombi la mkopo wa shilingi 12,000. Alisema anataka kuuza meno. Kamati ilicheka kwanza, halafu ikanyamaza. Kijana alikuwa mwaminifu, mkopo wake wa kwanza alikuwa amelipa bila kusumbua, na alisema amepata mtu Nairobi mwenye kadi nyingi za bei nafuu. Tulimuuliza atalipa lini. Tulimuuliza mdhamini wake ni nani. Hatukumuuliza anayenunua atayafanyia nini yale meno. Tukatia sahihi, sisi wa ofisi tukiwa wa kwanza.

Tuseme ukweli, alijua kupanga bidhaa. Alitengenezewa sanduku la kioo na seremala, akatandika kitambaa chekundu ndani, akazisimamisha kadi zote zikitazama njia. Kando yake akaweka kioo cha kujitazamia. Siku ya soko watu walijaa pale kuliko kwa muuza mitumba. Kumbe wengi wetu tulikuwa na mapengo, tunafunika midomo tukicheka, na hatukuwa tumepata mtu wa kutuonyesha kwamba kuna dawa ya jambo hilo. Hili tulikumbuke. Kijana hakuunda haja ya watu. Aliikuta.

Lakini jua la saa nane halina huruma, na sanduku la kioo ni kama jiko. Nta ililainika, meno yakainama, mengine yakaanguka kwenye kitambaa. Jioni aliyabandika tena kwa nta ya mshumaa. Nani angemfundisha kwamba lile la kulia halikai kushoto? La juu likaenda chini, A2 likakaa na B4. Kwa macho kadi ilikuwa nzuri bado. Lakini kadi ikishachanganyika, maandishi yake yamekuwa uongo, hata kama aliyechanganya hakukusudia.

Halafu watu wakaanza kusema, "Mimi nataka moja tu." Akaanza kuuza moja moja. Na palipo na vifungo bila shati, atatokea mtu wa kushona. Alikuja mtu mwingine na chupa ya maji makali na kopo la unga, akakaa kwenye stuli karibu na lile sanduku, akajiita daktari.

Mama mmoja muuza mboga, mwanachama wetu, alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele ya juu. Alinunua mawili. Yule mtu akachanganya unga na maji, akaubandika ukiwa laini juu ya ufizi, akaushikiza kwenye meno mazima ya kulia na kushoto, akamwambia afunge mdomo. Ile akriliki hukauka yenyewe, na ikikauka hutoa joto. Maji yake yanayobaki huweza kuunguza nyama ya kinywa. Na ikishashikana hivyo haitoki tena kuoshwa. Chakula huingia chini yake na hakuna mswaki unaofika huko.

Miezi michache ilipita. Tulimtembelea nyumbani kwa sababu alikuwa ameacha kuja mikutanoni. Tulimkuta amejifunika leso hadi puani. Hakututukana. Alituambia tu hivi: "Kumbe akiba yangu ndiyo iliyonunua meno haya. Mlinipigia makofi nikiiweka."

Hatukuwa na jibu. Tulimpeleka hospitali. Ile akriliki ilikatwa kidogo kidogo kwa mashine, na yale meno mawili ya pembeni, ambayo yalikuwa mazima, yalikuwa yamelegea yakang'olewa. Mama aliingia sokoni na mapengo mawili, akatoka hospitali na manne.

Je, njia ya haki ni ipi? Tumeiona kwa macho yetu, kwa sababu tulimfuata mama huyo mpaka mwisho. Daktari alitibu ufizi kwanza, wakangoja upone. Akachukua kipimo cha kinywa kizima kwa kitu laini kama unga uliokandwa. Kipimo kikamwagiwa plasta, kikawa sanamu ya kinywa chake. Fundi akachukua kadi, akayatoa meno, akayaosha mpaka nta yote ikaisha, kwa maana nta ikibaki jino halishikani na ufizi wa bandia. Akayapanga juu ya sanamu hiyo kwa nta nyingine. Kabla ya kumaliza, mama aliitwa ayajaribu yakiwa bado kwenye nta. Aliuma, alitamka maneno, alijitazama. Hapo kosa bado lingeweza kurekebishwa. Ndipo fundi akaondoa nta na mahali pake akaweka akriliki iliyopikwa kwenye maji ya moto. Meno hayo hutolewa usiku na kuoshwa. Kinywa nacho kinapumzika.

Kuna mambo mawili mengine tuliyojifunza njiani.

La kwanza ni rangi. Kwetu Bonde la Ufa maji ya visima vingi yana floraidi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno yanaumbika, yanatoka na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Katika zile rangi 16 hakuna rangi ya maji yetu. Ukibandika A1 katikati ya meno kama hayo, kila mtu atajua. Mama yetu alipewa kioo achague mwenyewe, na akachagua yenye giza kidogo. Fundi mzuri anaweza pia kutia alama ndogo za rangi. Sanduku la sokoni haliwezi.

La pili ni wazee. Wengi mnajua kwamba zamani wazee wa Kijaluo walitolewa meno sita ya chini ya mbele, na kwa Wamaasai na Wakalenjin meno mawili ya chini. Kijana wetu aliona pengo, na mkononi alikuwa na kadi ya sita za chini, akadhani amepata soko. Mzee mmoja alimjibu, "Kijana, hili si pengo. Hili ni jina langu." Si kila pengo ni ugonjwa. Mzee akitaka meno, ni haki yake kuyatafuta. Asipotaka, asiaibishwe na sanduku la kioo.

Sasa, tulifanya nini na yule kijana? Wengine kwenye kamati walitaka afukuzwe. Tulikataa, kwa sababu sahihi zetu zilikuwa pale. Yule wa unga alikuwa ameshahama, hajulikani aliko. Kijana tulikaa naye, na alipoelezwa habari za mama alikwenda mwenyewe kumwomba msamaha. Kamati na ofisi yetu tulichanga kwa gharama ya matibabu, naye akatoa sehemu. Kadi zilizobaki tulizipeleka pamoja kwa fundi wa meno mjini. Alizinunua tano ambazo hazikuwa zimeguswa na jua. Zile za nta ya mshumaa alizikataa zote, akatupa sababu moja baada ya nyingine. Hii mnayoishika ni mojawapo ya hizo alizozikataa. Itazameni tena. Chonge ya kulia imekaa kushoto. Ni nani kati yetu aliyegundua?

Kijana bado analipa, shilingi 300 kila mwezi. Sanduku lake la kioo bado liko sokoni, sasa lina miswaki, vitana na nyuzi za kushonea. Mama anauza mboga karibu naye. Wanasalimiana.

Tangu hapo kamati imeongeza mambo matatu kwenye fomu ya mkopo. Bidhaa hii hutumiwa na nani, na hutumiwaje? Je, kuna kazi ya mtaalamu katikati ya muuzaji na mtumiaji, na mtaalamu huyo ni nani? Ikiharibika kwa jua, mvua au vumbi, mnunuzi atajuaje? Ni maswali madogo, lakini yangetuokoa.

Na kwa wale wenye mapengo, tunawaomba msione haya. Nendeni hospitali ya serikali au ya misheni mkaulize kitengo cha meno. Mtu akijiita daktari wa meno, ulizeni kama ameandikishwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno. Mtu wa kweli hakasiriki kuulizwa. Na nyinyi vijana mnaopenda kazi hii, jueni kwamba Chuo cha KMTC kinafundisha ufundi wa meno. Ni kazi halali na ni ya mikono.

Kadi ikirudi mbele, tutaanza na maswali.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi:

1. Je, kikundi chetu kimewahi kukopesha biashara ambayo hatukujua bidhaa yake inatumiwaje? Nini kilitokea?

2. Kosa hili lilikuwa la nani: kijana, yule wa unga, kamati, au mnunuzi? Kila mmoja alipaswa kuuliza nini?

3. Katika kijiji chetu, mtu mwenye shida ya meno huenda wapi kwanza, na kwa nini?