Kamera ya Chama Isipowaka
Mazungumzo kwa makatibu wa vyama vya msingi



Vyama vyetu kadhaa hutumia kamera ya dijitali kwa picha za vitambulisho, za mizani wakati wa ununuzi wa mazao, na za ghala msimu unapofungwa. Kamera isipowaka, kamati huwa nyepesi kuiandika kuwa mbovu na kuomba fedha za kununua nyingine. Fedha hizo ni makato ya wakulima. Yafaa basi katibu aufuate umeme kutoka kwenye betri kuelekea ndani kabla ya kuligusa daftari la mali.

Aanze na betri. Betri ya lithiamu ya kamera ndogo huandikwa volti 3.6 au 3.7, na ikijaa hufikia takriban 4.2. Fundi wa simu mwenye mita ataipima mara moja, ila kipimo hicho chaweza kudanganya. Betri iliyochakaa husoma vizuri ikiwa imetulia. Mota ya lenzi inapoanza kuvuta umeme, au taa ya fleshi inapojichaji, volti huporomoka na kamera ikajizima. Kwa hiyo kamera inayowaka, ikatoa lenzi nusu, kisha ikazimika, isihukumiwe kuwa lenzi imevunjika mpaka ijaribiwe kwa betri nyingine iliyo nzima. Chama jirani chenye kamera ya aina hiyo hiyo hakitakosa kuwaazima.

Kwa kamera zinazotumia betri za AA, zile za bei nafuu za kaboni na zinki zifaazo redio na saa ya ukutani hazimudu kazi hii. Nunueni za alkali, au za nikeli za kuchaji, ambazo zina volti 1.2 tu badala ya 1.5 lakini hutoa umeme mwingi bila kulegea. Msichanganye mpya na kuukuu. Betri za alkali zikisahauliwa ndani huvuja na kuacha unga mweupe unaokula vibati. Unga huo husafishwa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha vibati vikaushwe.

Betri ikiwa njema, tazameni mlango wake. Katika kamera nyingi mna kijino cha plastiki kinachobonyeza swichi ndogo mlango ufungwapo. Kijino kikivunjika, kamera hudhani mlango u wazi, nayo haiwaki kamwe.

Kamera inayosahau tarehe kila betri itolewapo, huenda betri yake ndogo ya saa imekwisha. Jambo hili kwetu si dogo, kwani picha ya mizani yenye tarehe ya uongo haina uzito mbele ya mkaguzi.

Zaidi ya hapo msifungue. Kapasita ya fleshi huhifadhi karibu volti 300 hata baada ya betri kuondolewa, na mkono wa karani haukuzoea umeme wa namna hiyo. Betri iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa. Kamera iliyoloa maji itolewe betri papo hapo, na isiwashwe kwa kujaribu.

Barua ya kuomba kamera mpya itaje betri ipi ilijaribiwa, mlango ulionekanaje, na fundi alisema nini. Isiyo na maelezo hayo, kamati iirudishe kwa katibu.