Mutoto mwenye otisme haiko jeuri, tena haiko mulozi



Tuanze na kijana mumoja wa avenyu yetu. Ana miaka 15. Ku masomo, kengele ikilia anaziba masikio na kukimbia. Wakibadilisha somo mbele amalize hesabu yake, analia na kupiga meza. Wamemufukuza. Sasa jamaa inataka kumupeleka katika chumba cha maombi, ati atoshwe pepo.

Sisi vijana, wengi tuna diplome na hatuna kazi, tulienda kukaa naye. Tuliona nini? Anafungua redio iliyokufa na kuifunga tena, masaa mawili, bila kuinua macho. Basi, uangalifu anao. Kinachomushinda ni kuutoa hapa na kuupeleka kule mara moja, wakati mutu anapomwamuru.

Otisme ni namna ubongo unavyokua tangu utoto. Haitoke kwa malezi mabaya. Haitoke kwa chanjo. Kelele, mwanga, mabadiliko ya ghafla, vyote vinajaa ndani yake sawa maji katika bidon. Na mu umri huu mwili unabadilika, wenzake wanamucheka, bidon inajaa mbio zaidi. Ikifurika, tunasema hana adabu. Kumupiga ni kuongeza maji.

Inayosaidia haiombe franka nyingi: kumupa neno moja kwa wakati moja, kumuonya mbele kabla ya kubadilisha kazi, kuchora program ya siku kwa picha, kumuachia kona moja ya kimya ambako anaweza kwenda kabla hajafurika. Pole pole anajifunza mwenyewe kujua: sasa ninajaa, nitoke.

Na sheria iko. Sheria ya tarehe 10/01/2009 inamulinda mutoto, na inaazibu mutu anayemushitaki ulozi. Sheria ya tarehe 03/05/2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, pamoja na haki ya kusoma. Serikali ilizitia sahihi, izitumikishe. Walimu wafundishwe, wasiachwe peke yao mbele ya watoto wengi.

Kwa jamaa tunasema: maombi hatuyakatae, lakini kumufunga na kumunyima chakula, hapana.

Siku ya kwanza asubui tutamusindikiza mama yake kwa direktere, bila kelele, na karatasi ya sheria mukononi. Mwenye kuweza, aje.